Tusi, Kitisho na Siri: Jinsi ya Kupima Kama Maneno ni Uvamizi kwa Maadili ya Kilibertari

Kesi za maneno hazikosi kwa mwenyekiti wa steji ya bodaboda, kwa mzee wa mtaa, wala kwa msimamizi wa kikundi cha WhatsApp. Mmoja katukanwa, mwingine kaambiwa atume pesa kwa M-Pesa kabla ya jioni la sivyo siri yake itaanikwa. Mwongozo huu ni wa anayetaka kuzipima kesi hizo kwa kipimo cha walibertari, yaani wale wanaoshikilia kwamba kila mtu ni mmiliki wa mwili wake na wa mali aliyoipata kwa haki, na kwamba hakuna mwenye ruhusa ya kuanzisha nguvu dhidi ya mwili au mali hiyo. Kuanzisha nguvu huko, au kutishia kuianzisha, ndiko tutakakokuita uvamizi.

Kipimo hiki hakipimi ubaya. Mambo mengi ni mabaya, ya aibu, hata ya dhambi, na bado si uvamizi. Kukiwa na uvamizi, aliyevamiwa anaruhusiwa kujibu kwa nguvu, yeye mwenyewe au kupitia mahakama. Usipokuwepo, anayetumia nguvu ndiye anayegeuka mvamizi. Ndiyo maana swali hili si la darasani tu: jibu lake linaamua nani anaruhusiwa kumshika nani.

Karatasi ya safu nne

Kabla ya kuhukumu lolote, igawe karatasi safu nne. Safu ya kwanza ni maneno yenyewe, kama yalivyotamkwa au kuandikwa. Ya pili ni kitendo kilichotishiwa, kama kipo. Ya tatu ni kilichodaiwa: pesa, kura, kazi, mapenzi, kufuta kesi. Ya nne ni chanzo: anayetisha aliipataje habari au picha anayoitumia, na je, kulikuwa na makubaliano yoyote kati yake na mwenye siri?

Safu ya kwanza ndiyo huharibika kwanza. Mlalamishi wa Kondele, Kisumu, atasema, "Alinitisha." Usiliandike hilo, maana tayari ni hukumu. Andika maneno. "Utanijua" si sawa na "ukipita hapa leo jioni nitakukata." Kama yalisemwa kwa Kijaluo, Kikuyu, Kiluhya au Sheng, yaandike katika lugha hiyo, tafsiri ifuate chini yake. Tafsiri ya mlalamishi huongezwa chumvi, ya mlalamikiwa hupunguzwa. Ujumbe wa simu upigwe picha ya skrini ukionyesha namba na saa, na usifutwe hata baada ya watu kupatana.

Safu ya nne huachwa wazi kwa sababu hakuna anayependa kueleza picha zilitoka wapi. Ukiiacha wazi, kesi za siri zitakushinda, na utaona sababu yake hapo mbele.

Tusi tupu

Tusi tupu ni lile ambalo, ukiondoa uchungu wa moyoni, halibakizi kitu. Hakuna aliyeguswa, hakuna mali iliyopotea, hakuna kilichotishiwa. Kwa maadili haya hilo si uvamizi, liwe la nguoni, la kabila au la mama mzazi. Wanaosikia hivi mara ya kwanza hukasirika, kwa hiyo sababu ielezwe vizuri.

Uchungu hauwezi kuwa mizani, kwa kuwa vitendo halali huumiza kuliko matusi. Muuzaji wa mitumba akifungua meza mkabala na yako katika soko la Kibuye na kuuza kwa bei ya chini, anakuumiza mfukoni na moyoni kwa miezi. Mchumba akivunja uchumba wiki moja kabla ya ruracio, yaani sherehe ya mahari, maumivu yake hayalingani na ya kuitwa mjinga. Ukisema kila kinachouma ni uvamizi, umempa kila aliyeumia ruhusa ya kumwita polisi dhidi ya mshindani na mchumba. Walibertari wanakataa hilo, nami naona wako sahihi.

Kisha lipo suala la jina. Murray Rothbard, mwanauchumi na mlibertari wa Marekani, katika kitabu chake cha 1982 kuhusu maadili ya uhuru, alisema kwamba sifa ya mtu haimo mikononi mwake bali imo vichwani mwa wengine, na hakuna anayemiliki mawazo ya mwenzake. Kwa hiyo hata uongo unaochafua jina, kwake, si kosa la kuadhibiwa. Mlibertari mwenzake, Walter Block, alikuwa amesema jambo kama hilo mwaka 1976, akiongeza kwamba sheria za kashfa huwafanya watu waamini uvumi haraka, kwa dhana kwamba usingekuwa kweli msemaji angeshtakiwa. Hoja ya kwanza ya Rothbard ni nzito. Hiyo ya pili ya Block inanishinda kuikubali, maana watu hawachunguzi sheria kabla ya kuamini umbea wa sokoni.

Mambo matatu huweza kuligeuza tusi, kwa hiyo yachunguze kila mara. La kwanza ni mwili: aliyetukana huku amekushika kola amevamia kwa mkono, na tusi lenyewe halibadilishi kitu. La pili ni mahali. Mwenye kinyozi mtaani Kaptembwo akikwambia toka, nawe ukabaki ukitukana, kosa ni kubaki katika mali yake bila ruhusa. Vivyo hivyo kwa aliyeelekeza vipaza sauti dirishani pako usiku kucha: hoja ni kelele zinazoingia nyumbani kwako, hata angekuwa anasifu. La tatu ni makubaliano. Chama kikiwa na kanuni kwamba anayemtukana mwanachama kikaoni atalipa faini ya shilingi 200, na wote wakatia sahihi, faini hiyo ni halali kabisa kilibertari. Aliyejiunga aliikubali. Kosa la kawaida hapa ni kumtoza mtu ambaye hakutia sahihi, au kupandisha faini hadi 1,000 baada ya tusi kutamkwa. Kanuni lazima iwe imeandikwa kabla, itaje kiasi, na itaje anayeamua.

Maneno yanapobeba panga

Kitisho cha nguvu ni uvamizi hata kabla ya pigo, kwa sababu kinamlazimisha mtu kama pigo lenyewe lingefanya. Lakini si kila ukali ni kitisho. Uliza maswali matatu. Anatishia kufanya nini hasa? Ana uwezo wa kukifanya? Kiko karibu kiasi gani? Rothbard alitaka kitisho kiwe cha kushikika, cha papo hapo na cha moja kwa moja, kisiwe hofu ya jumla. Aliyeinua panga hatua mbili kutoka kwako anapita maswali yote. Aliyeandika "Mungu atakulipa" hapiti hata moja. Katikati wapo wengi: "tunajua mtoto wako anasoma wapi" haina kitendo kilichotajwa, ila ikitoka kwa mtu aliyekwisha kuvunja mlango wako wiki iliyopita, historia hiyo inaijaza safu ya pili. Mtu huyo akishatenda mara moja, mzigo wa shaka unamwangukia yeye.

Uchochezi ni mgumu zaidi, na huku kwetu Kenya hatuwezi kuupita kwa haraka. Rothbard alisema anayehutubia umati hana hatia kwa watakachofanya wasikilizaji, kwa kuwa kila mmoja ana hiari yake. Mwenye hatia ni aliyeamuru genge lake, au aliyepanga nalo. John Stuart Mill, mwanafalsafa wa Uingereza, mwaka 1859, aliweka mstari mahali pengine: kuandika gazetini kwamba wafanyabiashara wa nafaka wanawatesa maskini kwa njaa kuachwe, bali kuyasema hayohayo mbele ya umati wenye hasira uliokusanyika mlangoni pa mfanyabiashara huyo kunaweza kuadhibiwa. Baadaye, mwaka 2004, Stephan Kinsella na Patrick Tinsley walidai kutoka ndani ya ulibertari wenyewe kwamba mtu anaweza kumtumia mwenzake kama chombo cha kuvamia, hata kama mwenzake huyo naye ana hiari na hatia yake.

Tazama Kisii. Mei 2008 watu 11, wengi wao wazee, waliuawa kwa kuchomwa baada ya kuitwa wachawi. Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa huko Marani kwa tuhuma hiyohiyo. Neno "mchawi" likisemwa jikoni ni tusi tupu. Likisemwa usiku, kwa kundi lenye petroli, na kidole kikielekezwa nyumba fulani, limekuwa sehemu ya uuaji. Hapa namwacha Rothbard na kumfuata Mill na Kinsella. Kwa hiyo ongeza maswali mawili katika karatasi: umati ulikuwa wapi kutoka kwa mlengwa, na msemaji alijua nini kuhusu nia yao? Nakuru, iliyoona mauaji ya Januari 2008 baada ya uchaguzi, haihitaji kufundishwa tofauti kati ya maoni gazetini na jina la mtu likitajwa kwenye kizuizi cha barabarani.

Kitisho cha siri: ikate sentensi vipande viwili

Kudai pesa kwa kutishia kufichua siri ndiko kunakowachanganya wengi, kwa sababu vipande vyake viwili kila kimoja chaweza kuwa halali. Kusema ulichokiona ni ruhusa. Kumwomba mtu pesa ni ruhusa. Vikiunganishwa, karibu kila mtu anaona ni uhalifu. Njia ya kuipima ni kukiondoa kipande cha pesa na kuuliza: je, kitendo kilichobaki, akikifanya bure leo, ni haki yake? Kama si haki yake, kesi imekwisha, huo ni uvamizi. Kama ni haki yake, nenda safu ya nne.

Chukua kesi zinazotokea. "Lete 10,000 au kibanda chako kitaungua": kuchoma si haki ya mtu, kwa hiyo huu ni unyang'anyi wa kawaida, siri haimo. Askari anayesema "toa 500 au nikulaze seli" bila wewe kuwa na kosa, anatishia nguvu asiyokuwa na haki ya kuitumia. Ni uvamizi, na sare haiupunguzi. "Nitakushtaki polisi kwa wizi" ilhali anajua hukuiba: hapa wengi huteleza wakisema uongo si uvamizi kwa mujibu wa Rothbard. Uongo unaopelekwa kituoni si wa kubadilisha maoni ya watu bali wa kuita pingu. Ni nguvu iliyotumwa kwa mkono wa mwingine.

"Lipa deni langu la 30,000 au nakupeleka kortini" si uvamizi, mradi deni ni la kweli. Kitendo ni haki yake na anachodai ni chake.

Fundi wa simu aliyenakili picha zako wakati wa kubadilisha kioo, kisha akadai 5,000, ni mvamizi. Ulimpa simu aitengeneze kioo, hukumpa yaliyomo. Alivuka mpaka wa ruhusa alipofungua faili ya kwanza, kabla hajafungua mdomo kudai chochote. Ndivyo ilivyo kwa aliyenasa simu: Rothbard mwenyewe alikataa kwamba kuna haki ya faragha inayoelea hewani, ila akasema kunasa mawasiliano ni kosa kwa kuwa ni kuingilia mali ya mtu. Karani wa zahanati aliyeahidi kwa mkataba kutunza siri za wagonjwa yuko kundi hilohilo kwa njia ya mkataba.

Mpenzi wa zamani mwenye picha ulizomtumia mwenyewe ni kesi ngumu. Mlibertari mkali atasema ulimpa, zikawa zake. Sikubaliani naye. Zawadi inaweza kutolewa kwa masharti, na sharti halihitaji karatasi yenye muhuri pale ambapo watu wawili wote walijua picha ni ya macho ya mmoja. Tafuta ushahidi wa sharti hilo: ujumbe wa "usimwonyeshe mtu", jibu la "sawa", picha ya kujifuta baada ya kutazamwa mara moja. Ukiupata, kusambaza ni kuvunja sharti la umiliki, na kitisho cha kusambaza ni kitisho cha uvamizi.

Sasa inabaki ile safi kabisa. Jirani alikuona kwa macho yake ukitoka loji moja mjini Nakuru na mtu asiye mke wako, barabarani, mchana. Anataka 5,000 anyamaze. Hakuiba, hakuvunja ahadi, hatishii kukugusa, na kusema alichokiona ni haki yake.

Walibertari wenyewe hawakubaliani

Rothbard, tangu kitabu chake kikubwa cha uchumi cha 1962, alisema jirani huyo anauza huduma, yaani ukimya, na biashara hiyo isipigwe marufuku. Block ameitetea hoja hiyo kwa miaka mingi. Wanaongeza kwamba ukipiga marufuku uuzaji wa ukimya, mbeya anabaki na ruhusa ya kusema bure, na wewe umenyimwa nafasi ya kumnunua.

Robert Nozick, mwanafalsafa mlibertari wa Marekani, mwaka 1974, alikataa. Aliuliza: je, mnunuzi angekuwa afadhali kama muuzaji asingekuwepo kabisa? Anayenunua sukuma wiki Wakulima Market angekuwa hasarani bila mama mboga. Anayenunua ukimya angekuwa na faida kama jirani huyo asingezaliwa. Kwa Nozick hayo ni mabadilishano yasiyozalisha, na yanaweza kukatazwa. Aliacha mlango mmoja mdogo: anayenyamaza aweza kufidiwa kile hasa anachopoteza kwa kunyamaza. Tuseme mwandishi angelipwa 8,000 na gazeti kwa habari hiyo. Kwa Nozick anaweza kudai karibu 8,000 aiache. Akidai 50,000, zile 42,000 za juu hazina msingi. Jirani wa loji, ambaye hana gazeti linalomngoja, hapati kitu.

James Lindgren, mwanasheria, alisema mwaka 1984 kwamba tatizo ni kucheza na karata ya mtu mwingine. Habari ya usaliti ni ya mke kuijua, habari ya wizi ni ya aliyeibiwa, na anayetisha anajilipa kwa nguvu ya madai yasiyo yake. Hii hoja inaeleza vizuri kwa nini jambo linanuka. Haionyeshi mwili au mali gani imeguswa, na hapo ndipo inapokosa meno mbele ya mlibertari.

Uamuzi wangu: jirani wa loji hakuvamia. Ni mtu mbaya, na mtaa una haki ya kumtenga, lakini kumpiga kungekuwa uvamizi wa kwanza katika kesi hiyo. Ila akishapokea 5,000 na kurudi mwezi unaofuata kudai tena, hali imebadilika. Kwa nadharia ya mikataba ya Rothbard, pesa zilihama kwa sharti la kunyamaza. Akisema, au akilivunja sharti, ameshika pesa zisizo zake, na huo ni wizi. Tatizo la utekelezaji ni kwamba hakuna korti ya Kenya itakayokulindia mkataba wa aina hiyo. Ndiyo sababu malipo ya kwanza huzaa ya pili, na ndiyo sababu ushauri wa vitendo ni usilipe hata mara moja.

Majibu yanayoruhusiwa

Kwa tusi tupu unaweza kuondoka, kumtoa kikundini, kuacha kununua kwake, kumjibu kwa maneno, kuwaambia wengine wasimpe kazi. Kofi haliruhusiwi. Kwa kitisho safi cha siri, silaha kubwa ni kuifichua siri mwenyewe kwa anayehusika, kwa wakati wako, maana bidhaa ya muuzaji inakwisha thamani siku hiyo. Unaweza pia kumtangaza yeye: jina lake kama mtu anayedai pesa kwa siri si mali yake vilevile.

Penye uvamizi, nguvu ya kujibu ilingane na kilichofanywa. Aliyenakili picha alazimishwe kuzifuta na kulipa hasara, lakini hauawi. Anayemwita mtu mwizi sokoni ili apigwe kwa mawe kwa ajili ya simu amevuka kipimo kwa mbali.

Kipimo hiki kinalegea kwa watoto. Mtoto hawezi kutoka nyumba anamotukanwa kila siku, wala kutia sahihi mkataba, kwa hiyo usiutumie mwongozo huu kumtetea mzazi.

Sheria ya Kenya inafuata njia yake

Usiingie kituo cha polisi Central ukiwa na Rothbard mkononi. Kanuni ya Adhabu inakataza kutisha kuua katika kifungu cha 223, na maneno ya matusi mahali pa umma yanayoweza kuvunja amani katika kifungu cha 94. Kudai mali kwa vitisho kumo katika vifungu vya 299 hadi 302, na sheria haimwachi mtu kwa kuwa aliipata habari kwa njia safi. Kuchokozwa kwa tusi hakufuti kosa la kuua. Kwa kifungu cha 207 kunaweza tu kuligeuza kutoka mauaji ya kukusudia kuwa ya kutokusudia. Sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018, kifungu cha 37, inamwadhibu anayesambaza picha za utupu za mwenzake kwa faini ya hadi shilingi 200,000, kifungo cha hadi miaka miwili, au vyote viwili, bila kuuliza nani alimtumia nani.

Upande mmoja sheria imesogea karibu na walibertari. Februari 2017 Mahakama Kuu iliamua kwamba kosa la jinai la kashfa, kifungu cha 194, linakwenda kinyume cha Katiba. Aliyechafuliwa jina sasa anafungua kesi ya madai na kuomba fidia; kumfunga msemaji jela kwa kashfa kumeondoka. Nacho Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinalinda uhuru wa kusema lakini hakifiki kwenye uchochezi wa ghasia wala matamshi ya chuki.

Kwa hiyo mtu akija kwako ametishiwa siri, mpe maagizo haya kabla hamjafungua mjadala wa falsafa. Asilipe. Asifute ujumbe wala kumzuia mtumaji kabla ya kuhifadhi picha za skrini. Kama amekwisha kulipa, aombe taarifa ya M-Pesa inayoonyesha tarehe na namba. Aripoti kituoni na atoke na namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, imeandikwa. Kama picha ni za utupu, aulizie dawati la jinsia. Karatasi yenu ya safu nne aende nayo, safu ya nne ikiwa imejazwa kwa ukweli, hata pale ukweli unapomwaibisha, kwa kuwa wakili wa upande wa pili ataanza kuuliza hapo.